Pedi za breki kwa mteremko wa Pare na kwa uwanja wa mbio

Kazi ya pedi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Dereva anapokanyaga pedeli, mafuta ya breki husukuma pistoni, pistoni huibana pedi kwenye diski, na msuguano huo ndio unaopunguza kasi ya gari. Joto linalozaliwa hapo huingia kwenye chuma cha diski. Lisipotoka haraka kama linavyoingia, hulimbikizana, na breki huanza kuchoka. Ndiyo maana anayenunua pedi hana budi kujiuliza kwanza breki za gari lake hufikia joto kiasi gani na hukaa humo kwa muda gani. Bei na jina la kwenye boksi vinafuata baadaye.

Gari linalotoka Ndungu, chini ya Milima ya Pare Kusini, kwa njia ya chini, ama kupitia Maore na Kisiwani kwenda Same, ama kupitia Kihurio kwenda Mkomazi, linapita tambarare iliyo karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Breki zake hufanya kazi nyepesi: tuta, shimo, kundi la ng'ombe, watoto wanaotoka shule. Kila baada ya kukanyagwa hupata nafasi ndefu ya kupoa. Gari hilo hilo likipanda kwenda Vuje, Bombo au Mamba, kisha likageuza na abiria, mikungu ya ndizi na magunia ya tangawizi, linaingia kwenye kazi nyingine kabisa. Milima ya Pare Kusini inapanda hadi zaidi ya mita 2,400 pale Shengena, na vijiji vingi vya upande huu viko kwenye miinuko inayolazimu gari kushuka mamia ya mita kwa mfululizo, kona baada ya kona, kabla halijafika bondeni.

Hesabu yake si ngumu. Gari la tani 2, pamoja na abiria na mizigo, likishuka mita 1,000 kwenda chini huachia nishati ya karibu megajuli 20. Likiwa kwenye lami kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa kisha likasimama kabisa, huachia chini kidogo ya megajuli 0.8. Kwa hiyo mteremko mmoja kama huo ni sawa na kusimama mara 25 hivi kutoka kilomita 100 kwa saa. Sehemu ya nishati hiyo humezwa na tairi na upepo, na sehemu kubwa inaweza kumezwa na injini dereva akitumia gia vizuri. Inayobaki yote ni ya pedi na diski.

Hapo ndipo Noah, gari dogo la abiria wa milimani, inapokutana na gari la mbio. Katika uwanja wa mbio breki hukanyagwa kwa nguvu kubwa kwa sekunde chache kabla ya kona, halafu gari hukimbia kwenye njia iliyonyooka na upepo hupoza diski. Diski za mbio hufikia nyuzi 500 za selsiasi na kuendelea. Mlimani breki hushikwa kwa upole, lakini hazipati kupumzika, na gari linalotembea kilomita 20 kwa saa halina upepo wa kupoza chochote. Dereva haoni kama amefanya jambo la hatari, kwa sababu hajakimbia. Joto limepanda taratibu, na breki zinapokuja kukataa, kona ya mwisho bado iko mbele.

Pedi za kisasa zenyewe zina asili yake katika miteremko. Herbert Frood, Mwingereza wa Derbyshire, jimbo la vilima, alianza kutengeneza vifaa bora vya breki mwaka 1897 kwa ajili ya mikokoteni ya farasi iliyokuwa ikishuka kwa shida, na jina la kampuni yake, Ferodo, bado liko kwenye maboksi ya maduka ya spea. Mbio zilikuja kuongeza ukali. Mwaka 1953 Jaguar ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kwa gari lenye breki za diski, wakati magari mengi ya barabarani yalikuwa bado na dramu. Mwaka huo huo madereva wa Kenya, Uganda na Tanganyika walianza mashindano ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally, na mpaka leo mashindano hayo ni mtihani mkali wa breki kwenye vumbi, tope na mawe.

Pedi za gari dogo huweza kugawanywa kwa kile kilichochanganywa ndani yake. Za kwanza ni zile za nyuzi laini, resini na mpira. Ni tulivu, hazipigi kelele, hazili diski, na hushika vizuri asubuhi zikiwa baridi. Udhaifu wake ni joto: resini ikipata moto kupita kiasi hutoa gesi, na utando mwembamba wa gesi hiyo hukaa kati ya pedi na diski. Pedeli inabaki ngumu mguuni, dereva anakanyaga kwa nguvu zote, gari linateleza mbele. Za pili ni za seramiki. Zinadumu, vumbi lake ni dogo na halichafui rimu, na kwa mwendo wa mjini ni nzuri sana. Lakini nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya utulivu, hivyo neno seramiki kwenye boksi halimaanishi kwamba pedi hiyo ni ya mlima au ya mbio. Za tatu zina chuma kingi ndani yake, nyuzi na unga wa chuma, mara nyingi kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya uzito wote. Hizi hustahimili joto kubwa zaidi na kulitoa haraka. Gharama yake ni kelele kidogo, vumbi jeusi na diski inayoisha mapema. Mwisho kuna pedi za mbio tupu, zilizochanganywa kwa ajili ya nyuzi 300 hadi 700 au zaidi.

Kosa linalofanywa na wapenzi wa magari ni kudhani kwamba pedi ya mbio, kwa kuwa ni ghali na kali, itakuwa salama zaidi barabarani. Pedi ya mbio ikiwa baridi hushika vibaya kuliko pedi ya kawaida. Inahitaji kupashwa moto kwanza, na kwenye barabara ya kijiji haitapata moto huo. Mtoto akikatiza ghafla karibu na stendi ya Ndungu saa moja asubuhi, dereva mwenye pedi za mbio ndiye aliye hatarini zaidi. Pedi hizo pia hukwangua diski zikiwa baridi na kupiga ukelele unaosikika mtaa mzima. Hazifai kwa gari la kila siku, na hakuna ustadi wa dereva unaoweza kubadilisha jambo hilo.

Upande wa pili una makosa yake vilevile. Anayepeleka gari la kawaida kwenye mashindano ya muda, kama yale ya barabara ya lami ya Kiambu nchini Kenya, akiwa na pedi laini alizonunua kwa ajili ya kwenda kazini, atakuwa na breki kwa mizunguko michache tu. Kwa mtu wa namna hii kuna daraja la kati: pedi za barabara za nguvu, kama Ferodo DS2500, Hawk HPS au EBC Yellowstuff. Hizi hushika zikiwa baridi kwa kiwango kinachokubalika na huvumilia joto kubwa kuliko pedi ya kiwandani. Hata hivyo pedi moja haiwezi kuwa bora kila mahali. Anayeshiriki mashindano mara kwa mara hufanya vizuri zaidi kuwa na seti mbili, akafunga za mbio uwanjani na kurudisha za barabara kabla ya safari ya nyumbani. Kubadilisha pedi za mbele ni kazi fupi kwa fundi mwenye jeki na spana.

Kwa Tanzania mashindano makubwa ya magari ni ya rali, kama Mkwawa Rally, na rali ina matakwa yake. Gari hupita mtoni, hutoka likiwa na diski zilizolowa, na dakika moja baadaye linahitaji breki kamili kwenye kona. Pedi ya rali lazima iume mapema, ikiwa baridi na yenye maji, na bado isikate tamaa ikipata moto. Kwenye changarawe magari ya daraja la dunia, kama yanayokuja Naivasha tangu Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, hutumia rimu za inchi 15 ili tairi ziwe nene, na rimu ndogo hulazimisha diski ndogo. Diski ndogo hupata moto haraka. Mazingira hayo yanafanana zaidi na ya barabara za Pare kuliko uwanja wowote wa lami, na ndiyo sababu anayeishi Ndungu ana mengi zaidi ya kujifunza kwa watu wa rali.

Kwa gari linalopanda na kushuka milima hii kila siku, chaguo la busara ni pedi yenye chuma kingi, ya kiwango cha barabara, iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya mizigo au kazi nzito. Atakayelalamikia kelele zake na vumbi lake atakuwa anapima jambo lisilo na uzito. Gari linalobaki tambarare, likienda sokoni, shambani kwenye skimu ya mpunga na Same mara chache, halihitaji hayo; pedi ya kawaida ya kiwanda iliyo halali inatosha, na fedha inayobaki iende kwenye tairi.

Ubora wa pedi husomeka kwa sehemu kwenye herufi zilizochapwa nyuma au ubavuni mwake. Katika mfumo wa Marekani kuna herufi mbili mwishoni mwa namba, kwa mfano EE, FF au GF. Ya kwanza ni nguvu ya kushika kwenye joto la kawaida, ya pili ni nguvu hiyo pedi ikiwa imepata moto. E ni msuguano kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, G ni kati ya 0.45 na 0.55. Pedi ya FE basi hushika vizuri asubuhi na kupungua mteremkoni, wakati FF haibadiliki sana. Kwa mlima, herufi ya pili isiwe chini ya ya kwanza. Lakini kipimo hicho hufanywa kwa kipande kidogo cha pedi na hakipiti nyuzi 345 hivi, kwa hiyo hakisemi lolote kuhusu kinachotokea juu ya hapo. Pedi za Ulaya hubeba herufi E ndani ya duara na namba ya idhini yenye 90R. Alama hiyo maana yake ni kwamba ushikaji wake ulipimwa ukaonekana hautofautiani na wa pedi ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Kwa mnunuzi wa kawaida hiyo ndiyo alama yenye manufaa kuliko maneno yote ya sifa kwenye boksi.

Alama huigwa, na maboksi huigwa kirahisi zaidi. Spea nyingi zinazofika Same na Ndungu zimetoka Dar es Salaam au Moshi, zikipita mikono kadhaa, na pedi feki huwa ndani yake. Ni vyema kuitoa pedi kwenye boksi na kuishika. Ukingo wa nyenzo ya msuguano uwe umekamatana na bati la nyuma bila ufa wowote wa kupitisha ukucha. Namba iwe imechapwa kwenye bati lenyewe, si kwenye stika tu. Pedi nne za seti moja zilingane kwa unene na rangi. Ukucha ukikwangua unga kirahisi, pedi hiyo irudishwe dukani. Pedi za mtumba, zilizotoka kwenye gari lililokatwa, hazifai kabisa, kwa sababu hakuna anayejua ziliungua mara ngapi.

Pedi nzuri haiwezi kuokoa mafuta mabovu ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, na kadiri maji yanavyoongezeka ndivyo yanavyochemka mapema. DOT 3 mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa, pale pistoni ilipo, hutoa mvuke, na mvuke hubanika. Pedeli inazama hadi sakafuni. Hii ni tofauti na uchovu wa pedi, ambao pedeli yake hubaki ngumu, na tofauti hiyo humwambia fundi pa kuanzia. Gari la milimani liwekewe DOT 4, na mafuta yabadilishwe yote kila baada ya mwaka mmoja au miwili; kujazia tu kikombe kinapopungua si kubadilisha. DOT 5 yenye silikoni isichanganywe na nyingine yoyote. Kwa uwanja wa mbio, mafuta mapya kabla ya siku ya mashindano ni lazima.

Magari mengi ya huku yana diski mbele na dramu nyuma, na malori mengi ya Fuso yana dramu pande zote. Dramu hukusanya vumbi jekundu la tambarare na tope la mlimani, na mchanga huo husaga shuu, ambazo hufanya kazi ya pedi humo, pamoja na dramu zenyewe. Baada ya masika dramu zifunguliwe na kusafishwa kwa kitambaa chenye maji au dawa ya breki. Zisipulizwe kwa kompresa. Vumbi la breki halifai mapafu, na shuu za zamani au za asili isiyojulikana zinaweza kuwa na asbesto, ambayo Shirika la Afya Duniani limeshathibitisha kuwa inasababisha saratani.

Wakati wa kufunga pedi mpya, vipini ambavyo kalipa huteleza juu yake visafishwe na kupakwa grisi ya silikoni inayostahimili joto. Grisi ya kawaida huyeyuka na kuharibu mpira. Kipini kilichoganda hufanya pedi moja iishe huku mwenzake ikiwa mpya. Diski nayo ina unene wa mwisho, uliochapwa juu yake baada ya maneno MIN TH, na ikishapita hapo haichongwi tena, inatupwa. Kisha pedi zizoeshwe. Kwenye barabara tupu, dereva apunguze kasi kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa nguvu ya wastani mara kumi hivi, akiacha nafasi kati ya moja na nyingine, bila kusimama kabisa, halafu aendeshe dakika kadhaa bila kugusa breki. Pedi mpya hutoa gesi inapopata moto mara ya kwanza, na kazi hiyo ifanyike tambarare kati ya Ndungu na Maore, kamwe isingoje kona za kushuka Vuje.

Namna ya kuendesha huamua nusu ya maisha ya pedi. Gia ya kushukia iingizwe kabla ya mteremko kuanza, kwa kawaida ile ile ambayo gari lingeitumia kupandia. Kwenye Noah ya otomatiki dereva ashushe hadi 2 au L, na kitufe cha O/D kizimwe. D peke yake huliacha gari lijiendee. Kuweka gia frii ili kuokoa mafuta ni hatari bila faida: injini za kisasa zenye nozeli hukata mafuta gari linaposhuka likiwa kwenye gia, lakini kwenye frii huendelea kunywa. Breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, kasi ipungue, kisha iachiwe ipoe, badala ya kuibembeleza kuanzia juu hadi chini. Kwenye lori, breki ya eksozi iwe imewashwa tangu mwanzo.

Harufu ya kuungua ikiingia ndani ya gari, lisimamishwe mahali tambarare, liwekwe kwenye gia na jiwe chini ya tairi, lisubiri. Maji ya mtoni yasimwagwe kwenye diski yenye moto, kwa kuwa chuma kikipoa ghafla hupinda au kupasuka. Madereva wa mbio hufanya vivyo hivyo kwa njia yao: mzunguko wa mwisho huendeshwa taratibu bila breki, na gari likishaegeshwa hendibreki haivutwi mpaka diski zipoe.

Pedi ikitolewa inaeleza iliyopitia. Uso mkavu wa kijivu, uliolika sawasawa, ni wa kazi ya kawaida. Uso uliong'aa kama kioo umeungua. Kuupiga msasa hurudisha ushikaji kwa siku chache tu, kwa hiyo ni afadhali kubadilisha. Kingo zinazomeguka na kuwa na majivu meupe, pamoja na diski yenye madoa ya bluu, ni dalili kwamba pedi iliyochaguliwa ni laini kuliko kazi inayopewa, na seti inayofuata ipandishwe daraja. Mstari wa nyufa ndogo juu ya uso si tatizo kubwa kwa pedi ya mbio, lakini ufa unaofika kwenye bati la nyuma ni mwisho wake. Ikibaki milimita 3 za nyenzo, ibadilishwe, pande zote mbili za ekseli kwa pamoja. Kwa gari linaloshuka mlimani kila siku kikomo hicho kiwe milimita 4 au 5, kwa sababu pedi nyembamba hupitisha joto haraka zaidi kwenda kwenye mafuta ya breki.